Sura ya Tano: Kila Kinywa na Riziki Yake

Katika soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, wapo vijana wanaoishi kwa kupara samaki na kuwatoa matumbo. Mteja hununua mnadani, humkabidhi mparaji, na baada ya dakika chache huondoka na mfuko wake. Kinachobaki mezani hakitazamwi na yeyote isipokuwa paka na kunguru, ilhali habari nyingi za maisha ya samaki zimo humo. Utumbo wa tasi ni mrefu na umejiviringa mara nyingi. Ukipasuka humwaga uji wa kijani unaonuka majani yaliyovunda. Tumbo la changu hutoa vipande vya kombe na miguu ya kaa. Nguru akipasuliwa hukutwa na vibua na dagaa wazimawazima, wengine hata magamba hayajabanduka. Pono naye tumbo hana kabisa. Kutoka kooni hadi mwisho ni utumbo mtupu, umejaa uji mweupe ambao ukiusugua kwa vidole unakwaruza. Ni mchanga.

Huenda samaki hao wanne walivuliwa siku moja na kuletwa na mashua moja. Walichokula hakifanani hata kidogo.

Maji ya pwani ya Afrika Mashariki ni membamba kuliko watu wanavyodhani. Kutoka ufukweni hadi kwenye mwamba ambako mawimbi hupasukia, mahali pengi hapafiki hata kilomita mbili. Katika ukanda huo mwembamba hubanana maelfu ya aina za viumbe, na wanaweza kubanana kwa sababu kila mmoja ana kinywa chake na kila kinywa kina kazi yake. Wavuvi walilijua hilo kabla ya wataalamu. Mwenye dema hawezi kutega tasi kwa chambo cha pweza; huweka mwani. Anayetaka changu huponda tondo na kombe. Mwenye mshipi wa nguru hafungi chambo kinacholala chini, hutafuta kinachokwenda mbio juu. Maarifa yote ya chambo ni elimu ya mlo, hata kama hayajaandikwa popote.

Tuanze na majani, maana ndiyo chakula kilicho kingi zaidi na ndicho kinachowashinda wengi. Maji ya bamvua yakipwa, sehemu kubwa ya ufuo hubaki kijani. Sehemu ya kijani hicho ni mwani, lakini nyingi ni nyasi bahari, mimea yenye mizizi, maua na mbegu, ambayo wazazi wake waliota nchi kavu kabla ya kuingia majini zamani sana. Jani la nyasi bahari lina nyuzi ngumu na lishe kidogo. Samaki wengi hupita juu yake bila hata kulionja.

Kasa wa kijani, yule anayetaga kwenye fukwe zetu kwa wingi kuliko kasa wengine, huishi kwa majani hayo. Hakuzaliwa hivyo. Akitoka kwenye yai hukimbilia bahari kuu, na huko hula vijidudu na chochote kidogo kinachoelea. Akishakua kiasi hurudi maji ya pwani na kubadili mlo, akawa mla majani hadi uzeeni. Taya zake zina kingo zenye meno madogo ya kukatia. Kazi ya kuvunja nyuzi hufanywa na vijidudu walioko kwenye utumbo wake mpana, nao huhitaji muda, kwa hiyo kasa hukua polepole sana. Anaweza kufikisha miaka 30 na zaidi kabla ya kuzaa.

Karen Bjorndal, mtafiti wa Marekani aliyewafuatilia kasa hawa katika visiwa vya Bahama na kuchapisha matokeo mwaka 1980, aliona jambo ambalo mfugaji yeyote angelifurahia. Kasa hakuwa akila ovyo. Alichagua kipande cha nyasi, akakikata, kisha akarudi kwenye kipande hichohicho mara kwa mara, huku nyasi ndefu za pembeni akiziacha. Sababu ni kwamba jani linalochipua upya huwa na protini nyingi na nyuzi chache kuliko jani zee. Kasa alikuwa akijitunzia malisho.

Nguva hali kwa ustaarabu huo. Mdomo wake mpana umeelekea chini, una nywele ngumu za kupapasia, na akila hung'oa mmea mzima pamoja na mizizi, kwa sababu ndimo wanga ulimo. Nguva mzima anaweza kula hadi kilo 40 kwa siku. Alipopita huacha mfereji mwembamba wa mchanga mtupu katikati ya nyasi, na watafiti huitafuta mifereji hiyo kabla ya kumtafuta mnyama mwenyewe, ambaye siku hizi ni adimu mno kati ya Lamu na Mtwara. Idadi kubwa iliyobaki katika upande huu wa Bahari ya Hindi iko Bazaruto, Msumbiji. Kwa Tanzania, eneo linalotajwa zaidi ni Rufiji, Mafia na Kilwa, ambako nyavu za jarife zimewaua wengi waliokuwa wakitafuta majani tu.

Tasi, ambaye Wakenya humwita tafi, ni mla majani wa kiwango kidogo lakini mwenye bidii. Huenda kwa makundi, akichuna mwani na ncha za nyasi bahari mchana kutwa. Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani wanamfahamu kwa ubaya. Kilimo hicho kilianza kibiashara katika pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na tangu hapo tasi amepata shamba lililopandwa kwa ajili yake, kamba kwa kamba, kigingi kwa kigingi. Mkulima akifika asubuhi hukuta ncha za mwani zimekatwa safi. Ugonjwa na joto la maji ndivyo vinavyoharibu zaidi, lakini joto halina uso wa kulaumiwa. Tasi anao, na tena akikaangwa ni mtamu.

Pono ni habari nyingine, na inafaa kukaa naye kidogo.

Meno yake yameungana kuwa mdomo mgumu. Mwaka 2017 watafiti nchini Marekani waliuchunguza mdomo huo na kukuta una meno kama 1,000 yaliyopangwa katika safu 15; safu ya mbele ikiisha, ya nyuma inachukua nafasi. Madini yaliyomo ni magumu kiasi kwamba pono anaweza kung'ata jiwe la matumbawe maisha yake yote bila kubaki kibogoyo. Mpiga mbizi akinyamaza kimya karibu na mwamba husikia kazi hiyo inavyofanyika: kwaru, kwaru, bila kupumzika. Kooni ana seti ya pili ya meno, kinu cha kusagia kila kilichong'atwa mpaka kiwe unga.

Lakini jiwe si chakula. Kwa miaka mingi ilisemwa kuwa pono anakula matumbawe, kisha ikasemwa anakula mwani unaoota juu yake. Siku hizi wataalamu kadhaa wanaona kwamba kwa aina nyingi za pono shabaha hasa ni vijidudu vya kijani vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vinavyoishi juu ya jiwe na hata ndani yake. Ni vidogo lakini vina protini nyingi, na njia ya kuvipata ni kula nyumba nzima. Virutubishi hunyonywa, na jiwe lililosagwa hutoka nyuma kama wingu jeupe.

Wingu hilo huwa ardhi. Mwaka 2015 wanasayansi waliokipima kisiwa kidogo cha Vakkaru, Maldivi, walikadiria kuwa zaidi ya asilimia 85 ya mchanga mpya unaozalishwa kwenye mwamba wake umepita kwenye utumbo wa pono. Hesabu hiyo ni ya Vakkaru, na haifai kuhamishiwa Nungwi au Diani bila kipimo. Hata hivyo watalii wanaolala juu ya mchanga mweupe wa pwani yetu wanaweza kuambiwa bila kuwadanganya kwamba sehemu yake imekwisha kuliwa mara moja.

Mchimbaji mwingine wa mwamba hana mapezi. Uchini bahari, mnyama wa mviringo mwenye miiba pande zote, kinywa chake kiko chini, kimetazama jiwe, na kina meno matano yanayokutana katikati. Meno hayo hujinoa yenyewe kadiri yanavyolika. Wako uchini wa aina nyingi, kuanzia yule mweusi mwenye miiba mirefu, ambayo kila aliyewahi kukanyaga haisahau, hadi wale wadogo wenye miiba mifupi wanaojichimbia mashimo kwenye mwamba na kukaa humo wakisubiri mwani uletwe na maji. Wanapokuwa wachache hawana madhara, na hata wana faida, kwani husafisha mwani na kuacha nafasi ambapo matumbawe machanga hushika. Wanapokuwa wengi huula mwamba kwa kasi kuliko unavyojengeka.

Kenya ndiko swali hilo lilikochunguzwa kwa kina. Kuanzia miaka ya 1980, Tim McClanahan, mtafiti wa Marekani, na Nyawira Muthiga, Mkenya ambaye ni mmoja wa mabingwa wa uchini, walianza kulinganisha miamba iliyokuwa ikivuliwa na ile iliyo ndani ya hifadhi za bahari. Kenya ilikuwa na hifadhi za Malindi na Watamu tangu mwaka 1968, kwa hiyo palikuwa na maeneo mawili ya kulinganisha: bahari moja, hali ya hewa moja, tofauti ikiwa ni wavuvi tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1990 ulieleza kwamba uchini walikuwa wengi zaidi ya mara 100 katika miamba isiyolindwa kuliko iliyolindwa.

Mara mia moja si tofauti ya bahati. Lazima kuna mtu aliyeondoka mezani.

Njia ya kumtafuta ilikuwa rahisi, na kwa uchini ilikuwa mbaya. Walifungwa kwa uzi wa nailoni kwenye jiwe, wakaachwa, kisha watafiti wakarudi kuhesabu waliobaki. Hali ya gamba ilieleza nani amefanya kazi: lililovunjwavunjwa lilikuwa la samaki mwenye meno ya nguvu, lililobaki zima likiwa tupu ndani lilielekea kuwa la kiti cha pweza, yule wa mikono mitano, ambaye hutoa tumbo lake nje na kumyeyusha mlo wake papo hapo. Katika maeneo yaliyolindwa uchini waliliwa kwa kiwango cha mara nne kuliko maeneo yanayovuliwa, na samaki aliyejitokeza kuliko wengine ni kikande, hasa yule wa kijani mwenye mistari ya rangi ya chungwa.

Ukimwona kikande huyu kwenye kapu la mvuvi hutamdhania makuu. Mara chache hupita sentimita 30. Kinywa chake ni kidogo, lakini meno ni mazito na macho yamekaa juu sana kichwani, mbali na mdomo, kwa sababu nzuri: anayekula miiba hapendi kuleta macho karibu na sahani. Akimkuta uchini mahali pa wazi humpulizia maji ya nguvu, au humshika mwiba mmoja na kumnyanyua, mpaka apinduke. Chini, kuzunguka kinywa, miiba ni mifupi. Hapo ndipo anapong'ata. Baada ya hapo wadogo waliokuwa wakizungukazunguka hufika kuokota makombo, na kwa muda mfupi pale panakuwa na ghasia ya samaki 10 au 20 ambao peke yao wasingethubutu kumgusa uchini mzima.

Kasoro ya kikande ni kwamba anaingia kwenye dema kirahisi na kushika ndoana bila kusita. Akitishwa hujificha kwenye tundu na kusimamisha mwiba wa mgongoni ili asitolewe, hila inayomfaa kwa papa lakini si kwa binadamu mwenye mkuki. Uvuvi ukizidi, yeye huwa miongoni mwa wa mwanzo kupungua, na watoto wake huchukua miaka mingi kuijaza nafasi hiyo tena hata uvuvi ukisimamishwa.

Kikande hakuwa peke yake katika kazi hiyo. Kombe kubwa jekundu ambalo huuzwa kwa watalii, na ambalo kwa muda mrefu lilisafirishwa hadi Italia ili lichongwe mapambo, lina konokono ndani yake, na konokono huyo ni mla uchini. Kwa hiyo pwani iliuza walinzi wake mara mbili, mmoja kwa kilo na mwingine kwa kipande.

Kinachofuata kinawahusu hata wale wasiojali matumbawe. Uchini anaweza kuishi kwa chakula kidogo mno. Akikosa mwani hupunguza mwili wake na kungoja. Tasi, pono na kangaja hawawezi. Wao wanahitaji kula sana kila siku. Kwa hiyo uchini wakijaa huufyeka mwani hadi kiwango ambacho wao wanakivumilia na samaki hawakivumilii, na mvuvi aliyemtoa kikande mwaka huu hujikuta miaka kadhaa baadaye hana hata tasi. Huko Diani na Chale uchini wa aina nyingine, wakubwa wenye miiba mifupi, waliwahi kuvamia nyasi bahari wakizila kwa safu, na walipopita walibakisha mashina. Kasa hana la kufanya hapo.

Pweza anaishi katika mwamba huohuo kwa akili tofauti. Mikono yake minane ina vinyonyi vyenye uwezo wa kuonja, hivyo akiingiza mkono kwenye tundu anajua kilichomo kabla ya kukiona. Akipata jiwe linaloelekea kuwa na kaa, hutandaza ngozi iliyo kati ya mikono yake, akalifunika jiwe zima, kisha mikono inaingia kila upenyo. Kaa akikimbia upande wowote anakutana na pweza. Konokono aliyejifungia ndani ya gamba hutobolewa kijitundu chembamba, akatiwa mate yenye sumu ya kumlegeza, halafu akavutwa nje. Kinywa, chenye mdomo mgumu mweusi, kiko katikati ya mikono, na chakula hukatwa vipande vidogo kwa lazima: koo la pweza linapita katikati ya ubongo wake. Tonge kubwa ni hatari kwa kichwa.

Mlo ndio unaomponza. Magamba na makombo huyatupa nje ya mlango wake, na mwanamke wa Makunduchi au Jambiani anayetembea juu ya mwamba wakati wa maji kupwa, kijiti mkononi, hatafuti pweza kwanza. Anatafuta taka mbichi: gamba la kaa ambalo bado halijafifia rangi, vijiwe vilivyopangwa mbele ya tundu. Hapo ndipo anapochokoa.

Pweza wa mchana, yule anayevuliwa sana kwenye pwani yetu, huwinda pia kwa ushirika. Watafiti waliopiga mbizi katika Bahari ya Shamu na kutoa matokeo yao mwaka 2024 walirekodi pweza wakitembea na makundi ya samaki wa aina mbalimbali. Mkundaji ndiye aliyekuwa akielekeza kundi liende wapi, na pweza ndiye aliyeamua lini liondoke. Samaki hupata mikono inayoingia kwenye matundu. Pweza hupata wapelelezi. Chewa mmoja mdogo mwenye kingo nyeusi, aliyependa kukaa karibu na kungoja cha bure, alikuwa akipigwa ngumi. Ngumi hasa, mkono mmoja ukirushwa kwa kasi. Mambo hayo yamepigwa picha za video, kwa hiyo anayesema ni hekaya za mabaharia atalazimika kuzitazama.

Maisha ya pweza ni mafupi, mwaka mmoja au kupita kidogo, na mwisho wa jike ni kufunga. Akishataga hukaa shimoni akiyapepea mayai maji safi, hali kitu, na mayai yakianguliwa hufa.

Mlo wa pwani hauishii majini. Kwenye mikoko ya Mida, karibu na Watamu, yuko kaa mdogo ambaye hupanda mti. Anaacha mizizi, anapanda shina hadi kwenye matawi ya juu, anakula majani mabichi, anashuka kuloweka mwili, kisha anapanda tena. Safari mbili kila siku. Wataalamu wa Italia na Kenya waliomchunguza katika miaka ya 1990 walimkuta kwa maelfu. Chini ya mti wapo kaa wengine wanaongoja jani lianguke, walikamate na kulivutia shimoni, kwa kuwa likiachwa maji yakijaa litakwenda zake. Tondo nao wanaligombea. Tondo mdogo hulamba tope. Akikua ulimi wake wa kukwangulia hubadilika na akaanza kula majani yaliyoanguka. Jani moja likianza kuliwa harufu huenea, na tondo wengine hujikokota kuelekea hapo hadi jani halionekani. Mti wa mkoko hauna ng'ombe wala mbuzi wa kuula, lakini hao wanatosha, na kinyesi chao hulisha tope ambalo kamba wachanga hukulia ndani yake.

Mlaji mkubwa kuliko wote katika maji haya hula vitu vidogo kuliko wote. Potwe, ambaye Kenya huitwa papa shilingi kwa madoa yake, anaweza kufikia mita 18, ingawa wanaoonekana mbele ya Kilindoni, Mafia, wengi ni madume ambayo hayajapevuka, nusu ya urefu huo au pungufu. Huonekana juu ya maji zaidi kuanzia Oktoba hadi Machi hivi, wakati wa kaskazi. Zamani ilidhaniwa kwamba baada ya hapo wanahama. Vifaa vya sauti walivyofungwa vilionyesha, katika utafiti uliotolewa mwaka 2015, kuwa wengi wao hawaendi mbali. Hushuka na kusogea nje kidogo, pasipo macho ya watu.

Kinachowaleta juu ni uduvi. Sampuli za maji zilizochotwa mahali ambapo potwe walikuwa wakila zilijaa vijiduvi vya aina moja, vimesongamana kwa wingi usio wa kawaida, na pale ambapo havikusongamana potwe hawakuhangaika kufungua kinywa. Ana maelfu ya meno, kila moja dogo mno, na hayamsaidii kitu katika kula. Anachotegemea ni chujio lililo ndani ya koo. Wakati mwingine huogelea kinywa wazi. Chakula kikiwa kingi husimama wima, mkia chini, akavuta maji kwa mikupuo. Kipimo kilichofanywa Yucatán, Meksiko, kilionyesha kuwa potwe wa mita 6 na kitu huchuja zaidi ya mita za ujazo 600 kwa saa. Dagaa nao huufuata uduvi uleule, na wavuvi wa Kilindoni huwafuata dagaa, kwa hiyo wavu wa kuzungusha ukivutwa si ajabu kukuta potwe yumo. Kumtoa bila kuuchana wavu ni kazi ya mashua nzima.

Amebaki ng'amba, na habari yake inagusa chungu cha binadamu.

Kasa huyu mwenye mdomo mwembamba uliochongoka hali nyasi. Huingiza mdomo kwenye mianya ya mwamba na kung'oa sifongo, viumbe vinavyojilinda kwa sumu na kwa vijisindano vya kioo vilivyojaa mwilini. Anne Meylan, aliyewapasua ng'amba wa Karibi na kuandika mwaka 1988, alikuta mlo wao karibu wote ni sifongo na utumbo wao umechomwa vijisindano vingi bila kudhurika. Sehemu nyingine huchanganya na mwani na viumbe laini vya mwamba. Kwa mwamba hilo ni jema, kwani sifongo likiachwa hufunika matumbawe.

Kwa mlaji wa kasa si jema. Nyama ya kasa, ya ng'amba hasa lakini hata ya aina nyingine, mara kwa mara huwa na sumu. Wataalamu wanaamini inatokana na kile alichokula, huenda mwani wenye sumu, kisha ikakaa mwilini mwake bila kumsumbua. Novemba 2021 watu saba walikufa Pemba baada ya kula nyama ya kasa. Machi 2024, Pemba tena, walikufa tisa, wanane kati yao watoto, na wengine 78 wakalazwa. Walioiandaa hawakuwa wazembe. Kasa mwenye sumu hana dalili: haogelei vibaya, hanuki, nyama yake haibadiliki rangi, na kuichemsha au kuikaanga hakuondoi chochote. Jirani aliyekula wa juzi akapona hathibitishi kitu kuhusu wa leo, maana kila kasa amekula mahali pake.

Dawa ya kuikata sumu hiyo haipo. Hospitali humsaidia mgonjwa kustahimili tu. Kumuua kasa ni kosa la kisheria Bara na Visiwani, lakini hata asiyeogopa sheria aogope hesabu hizo. Nyama ya kasa isiliwe na isigawiwe. Aliyekwisha kuila akianza kutapika, kuungua koo, kupata kizunguzungu au kusinzia asingoje asubuhi, apelekwe hospitali. Mama aliyeila asimnyonyeshe mtoto kabla ya kumwona daktari, kwa sababu sumu hiyo hupita hata kwenye maziwa.